Lori Kuukuu Linapokataa Kuwaka: Umeme Hupotelea Wapi?

"Mzee, gari haiwaki."

Dereva alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri kutoka Kisauni, hapa Mombasa, na maelezo yake yaliishia hapo. Maneno hayohayo nilikuwa nimeyasikia mara mbili mwezi ule. Mara ya kwanza nilinunua betri. Mara ya pili nilinunua stata, ile mota inayozungusha injini, ya mtumba lakini iliyofumuliwa na kuundwa upya, ikajaribiwa mezani mbele ya macho yangu na kuvuma vizuri kabisa. Mara hii ya tatu sikuwa na kitu kilichobaki cha kununua.

Lori lenyewe ni Toyota Dyna ya petroli, ya zama za kontakti na koili, na kazi yake ni kubeba mawe ya kujengea kutoka machimboni. Halina kompyuta. Nyaya zake unaweza kuzifuata kwa kidole kutoka kichwani hadi mkiani, na ndiyo sababu nilijiona mjinga kushindwa nalo. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba neno lenyewe ndilo lililonipoteza. "Haiwaki" ni kapu moja lililotiwa magonjwa kadhaa yasiyo na undugu, na mimi nilikuwa nikinunua dawa kabla ya kujua lipi limenipata.

Kuzungusha na kuchoma

Umeme una kazi mbili za kufanya kabla injini ya petroli haijanguruma. Ya kwanza ni kuizungusha kwa kasi ya kutosha. Ya pili ni kuipigia cheche kila silinda kwa wakati wake. Kuzungusha ni kazi ya betri, kebo nene, solenoidi (swichi ya sumaku inayoifungulia stata umeme) na stata. Hapo volti, yaani msukumo wa umeme, ni chache lakini ampea, yaani wingi wake, ni nyingi, 100 hadi 200 kwa injini ya silinda nne, na zaidi sana kwa dizeli kubwa. Kuchoma ni kazi ya koili inayopandisha volti, kontakti zinazoifungia na kuifungulia umeme, kondensa, distributa inayogawia kila silinda cheche yake, na plagi, na huko mambo yamegeuka: koili hula ampea tatu nne tu, ila inazigeuza kuwa volti elfu kumi, hata elfu ishirini, ziweze kuruka pengo la plagi lisilofika milimita moja. Mifumo hii hukutana kwenye betri na kwenye swichi ya ufunguo. Kwingineko kila mmoja una njia zake.

Yote miwili ina mkono wa mtu mmoja, Mmarekani Charles Kettering, aliyebuni uwashaji wa betri, koili na kontakti kwa ajili ya magari ya Cadillac, kisha akaleta stata ya umeme iliyotokea kwenye Cadillac za mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walizungusha injini kwa hendeli, na injini ikirudisha teke hendeli ilivunja mikono. Zaidi ya miaka 100 imepita, na Dyna yangu bado inawaka kwa mpango uleule.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza dereva ni hili: ukipiga stata, injini inazunguka? Ikiwa inazunguka kwa kasi yake ya kawaida na haishiki, iache betri, iache stata, shida iko upande wa cheche au wa mafuta. Ikiwa haizunguki, usiguse plagi. Nimewahi kumwona mtu akibadilisha plagi zote nne za pikapu ambayo stata yake hata haikutikisika.

Sikiliza kwanza

Injini isipozunguka, sikio ndilo mita ya kwanza. Fundi aliyenitoa gizani ni mzee wa umeme wa magari ambaye karakana yake ni kivuli cha mwarobaini huko Majengo. Sote humwita Ami. Akifika kwenye gari hunyamazisha watu wote, redio ya jirani pia, kisha humwambia dereva apige stata mara moja tu.

Kimya kabisa, taa zikiwa zinawaka, kwa kawaida maana yake amri haijafika. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda kuiamsha solenoidi hauna moto, yaani umeme: swichi ya ufunguo imechakaa, fyuzi imekatika, au soketi imeachia. Mlio mmoja mzito, "tak!", ni habari tofauti. Amri imefika na solenoidi imevuta, lakini ule umeme mwingi wa kuzungusha haupiti. Ama kaboni za stata zimekwisha, ama migusano ya shaba iliyomo ndani ya solenoidi imeungua, ama njia ya kwenda na kurudi imeziba. Ukisikia "ta-ta-ta-ta-ta" kama cherehani, betri imechoka au klampu yake imelegea: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Stata ikivuma kwa sauti nyembamba na injini imetulia tuli, bendiksi, kile kigia cha stata, haijaumana na meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Hilo si suala la umeme kabisa.

Halafu kuna ule mgumio mzito, wa polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini kwa nguvu. Ndio uliokuwa wangu, na ndio unaowatoa watu pesa, kwa sababu kila anayeusikia husema "betri hiyo."

Ami hakusema betri. Alisema, "Washa taa kubwa, kisha piga stata."

Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote. Taa zikizimika kabisa stata inapopigwa, mashaka yaende kwenye betri au klampu zake. Zikififia kiasi huku injini ikizunguka kwa uzito, betri iko chini au stata inakula umeme kupita kiasi. Zangu hazikufifia ila kidogo sana. Stata ilikuwa inagumia na taa zinang'aa kama za harusi. Betri ambayo inaweza kung'arisha taa wakati stata inalalama haiwezi kuwa ndiyo mgonjwa. Kuna mahali stata na taa zinaachana njia, na shida iko baada ya hiyo njia panda.

Dereva akaongeza jambo ambalo hakuwahi kuniambia kwa kuliona dogo: "Hata hii choki, Ami, siku hizi inachoma mkono."

Ami akacheka.

Njia ya kurudi

Watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, hufikiria umeme kama maji yanayotoka betrini kwenda kwenye stata yakaishia huko. Hauishii huko. Kila ampea inayotoka kwenye kichwa chanya lazima irudi kwenye kichwa hasi, na katika gari njia ya kurudi ni chuma chenyewe. Mafundi wetu huita upande wa kwenda "moto" na upande wa kurudi "eathi," na kwa kuwa moto ndio unaotoa cheche na kuunguza, ndio unaopewa heshima yote. Eathi hukumbukwa na wachache.

Sasa angalia lori linavyoundwa. Kebo hasi ya betri hufungwa kwenye chesisi. Stata imefungwa kwenye injini. Injini imekalia mipira, ili isitetemeshe kabini, na mpira haupitishi umeme. Basi injini na chesisi havijuani kiumeme mpaka viunganishwe na ukanda wa shaba uliosukwa, mfupi, uliofichika nyuma ya gia au chini ya injini mahali ambapo tope na mafuta hujikusanya. Taa hazimo katika habari hii kwa kuwa zimepata eathi yake kwenye bodi. Ukanda ule ukiliwa na kutu, taa zitawaka vizuri na stata itakosa njia ya kurudi.

Umeme ukikosa barabara hutafuta vichochoro. Katika Dyna yangu kichochoro kilikuwa waya wa choki, ile ya kuvuta injini ikiwa baridi, unaotoka kwenye kabureta juu ya injini hadi kwenye dashibodi. Ampea zilizokusudiwa kupita kwenye ukanda mnene wa shaba zilikuwa zikijibana kwenye waya mwembamba wa chuma, na ndiyo maana uliunguza mkono. Waya wa akseleta nao hupatwa na hayo; nimesikia wa mtu uliyeyusha mfuniko wake mpaka ukanasa.

Pwani yetu ina mkono mkubwa hapa. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikilowana na unyevu wa hewa hutengeneza betri ndogondogo kila mahali ambapo metali mbili tofauti zimegusana: shaba na chuma, risasi na shaba. Shaba hugeuka unga wa kijani, chuma hugeuka unga mwekundu, na unga wowote kati ya hizo ni ukuta mbele ya umeme. Gari linalovuka feri ya Likoni kila siku au linalolala karibu na maji pale Kibarani huonja hili mapema kuliko gari la bara. Chungulia chini ya plastiki ya kebo: mara nyingi waya umeoza kijani ndani shubiri nzima, na nje unang'aa.

Kwa nini sikuliona mapema? Kwa sababu nilikuwa nimepima, na kipimo kilinidanganya. Nilikuwa nimetumia testa, kile kitaa kidogo chenye sindano, nikakigusisha kwenye stata kikawaka kwa furaha. Nikasema moto upo. Kumbe kitaa kile hula chini ya ampea moja. Kebo ikibakiwa na nyuzi mbili nzima kati ya mia, nyuzi hizo zinatosha kukiwasha.

Wakazi wa Mombasa wanaojua mambo ya mfereji watanielewa haraka. Bomba lililojaa uchafu, mfereji ukiwa umefungwa, lina presha ileile kama bomba safi. Weka kidole utaisikia. Ufungue sasa uone yanayotoka. Volti ni presha. Ukizipima wakati hakuna kinachotiririka, kila waya ni mzima.

Kupima wakati mzigo uko juu

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa msomaji aisome mara mbili, maana inamwokoa na manunuzi yangu. Mita ya kidijitali ya bei nafuu inatosha. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Weka gia huru, kaza hendibreki, tia mawe kwenye magurudumu. Chomoa ule waya mnene wa katikati ya distributa na uufunge kwenye chuma cha injini, ili injini izunguke bila kushika na koili isijiumize kwa kukosa pa kutoa umeme. Kisha mtu akupigie stata kwa sekunde chache huku unasoma.

Soma kwanza betri yenyewe, sindano zikiwa juu ya vichwa vya risasi na si juu ya klampu. Betri nzima iliyojaa husoma kama 12.6 ikipumzika, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Yangu ilishuka hadi 10.8 tu. Betri nzima, na hata ile niliyoitoa ilikuwa nzima, lakini hayo tutayarudia.

Kisha Ami akapima kwenye stata: sindano moja kwenye boliti nene ya moto, nyingine kwenye mwili wa stata. Ikasoma 7.5. Volti 3.3 zilitoka betrini na hazikufika. Zimepotelea wapi? Hapa ndipo penye ufundi. Badala ya kupima moto na eathi, unapima ncha mbili za njia moja. Sindano kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye boliti ya stata, piga stata: 0.4. Upande wa kwenda si mbaya, ukizidi 0.5 ndipo uanze kutafuta. Sindano kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye mwili wa stata, piga: 2.9. Mwizi ameshikwa. Upande wa kurudi haufai kupoteza zaidi ya 0.2 au 0.3.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Volti zinazopotea ni ampea mara omu, kipimo cha upinzani. Kwa ampea 150, kizuizi cha omu 0.02, ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma kwa usahihi, kinakula volti 3. Volti 3 mara ampea 150 ni wati 450, na zote zinakuwa joto mahali pale pale penye kizuizi. Ndiyo maana mkono nao ni chombo: baada ya kupiga stata mara kadhaa, papasa viungo vya kebo. Kiungo cha moto ni kiungo kibovu. Ila papasa kwa tahadhari.

Kabla hajafungua boliti hata moja, Ami alichukua kebo ya kujampia, akabana upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine moja kwa moja kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga." Injini ikazunguka kama mpya. Kazi ya dakika tano, na mimi nilikuwa nimenunua betri na stata.

Ukanda wa shaba tulipoutoa ulikatika mkononi kama kamba ya katani iliyooza. Mpya si ghali. Kinachotakiwa ni kukwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae pale unapofungwa, kutia washa yenye meno, kukaza barabara, kisha kupaka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kazwa ili hewa ya bahari isipate pa kuingilia. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe huoshwa kwa maji yaliyotiwa magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa vizuri yasiingie ndani. Ukifungua klampu, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja ya spana inatosha kuilipua usoni mwako.

Jambo moja la kuongeza kwa wenye magari yanayokataa yakipata joto na kukubali yakipoa. Shaba ikipata joto hupinga umeme zaidi, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Stata iliyoketi karibu na eksozi baada ya kupandisha kilima cha Mazeras inaweza kuwa na digrii 60 juu ya ilivyokuwa asubuhi, yaani karibu robo zaidi ya upinzani. Kebo iliyokuwa ikipita kwa shida asubuhi haipiti mchana. Kabla ya kulaumu stata, fanya vipimo vilevile gari likiwa la moto.

Inazunguka lakini haishiki

Upande wa cheche una hila zake. Chomoa waya wa katikati wa distributa, ushike kwa koleo lenye mpira mzuri, ncha iwe milimita 6 hivi kutoka chuma cha injini, piga stata. Cheche nene ya buluu inayolia "pa! pa!" inatosha, tazama basi kofia ya distributa, rota inayozunguka ndani yake, nyaya za plagi, au nenda kwenye mafuta. Cheche ya manjano, nyembamba, inayosuasua, yaweza kuwa koili inayokosa volti au kondensa iliyokufa. Kondensa ni kopo dogo la kama mikrofaradi 0.2, kazi yake kumeza umeme kontakti zinapofunguka ili zisiungue. Ikifa, kontakti hushika vijishimo na vilima haraka, na cheche hudhoofu.

Cheche isipokuwepo kabisa, testa niliyoitukana hapo juu sasa inafaa, kwa kuwa koili haili umeme mwingi. Iunge kati ya upande wa koili unaokwenda kwenye distributa na eathi, kisha piga stata. Ikipepesa, kontakti zinafungua na kufunga. Ikiwaka moja kwa moja, hazifungi: zimeota utando au pengo ni kubwa. Isipowaka kabisa, ama koili haipati moto kutoka kwenye ufunguo, ama imekatika ndani, ama kontakti zimegandana au kondensa imepiga shoti. Pengo la kontakti kwa injini nyingi za zamani ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, la plagi karibu 0.8, kitabu cha gari ndicho cha kufuata.

Gari likilala mwezi mzima hapa kwetu, kontakti huota utando usioonekana kwa macho. Watu huliburuta hadi gereji, wakati kilichotakiwa ni kupitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya kontakti mara mbili tatu. Na mvua za mwaka zikianza, kofia ya distributa yenye ufa mwembamba kama unywele hunywa unyevu na cheche hupitia huo ufa. Fungua boneti usiku gizani injini ikiwa inakohoa. Utaona vimwale vya buluu vikitambaa juu ya kofia na nyaya.

Sasa lile fumbo ambalo huwafanya watu wafikirie mapepo: lori linawaka ukiwa umeshikilia ufunguo kwenye stata, ukiuachia tu linazima. Kila mara. Maelezo yake ni ya kupendeza. Stata inapozunguka, betri hushuka hadi volti tisa kumi. Waliounda magari waliona kuwa koili ya volti 12 itatoa cheche dhaifu wakati huo huo ambapo cheche nzuri inahitajika zaidi. Wakaweka koili inayotosheka na volti kama 8, na kati yake na ufunguo wakatia kipingamizi, kwa kawaida kigae cheupe cha omu 1.5 hivi kilichofungwa ubavuni mwa koili. Injini ikitembea, umeme hupitia kwenye kigae na koili inapata kiasi chake. Stata ikipigwa, waya mwingine hukiruka kigae na kuipa koili kila kilichobaki betrini. Kigae kikiungua, ile njia ya kuruka bado ni nzima, kwa hiyo linawaka. Ukiachia ufunguo umebaki na njia ya kigae tu, nayo haipo. Kukiwa na swichi ya ufunguo iliyochakaa upande mmoja dalili ni ileile, kwa hiyo pima pande zote mbili za kigae kabla ya kukitupa.

Dizeli na malori ya betri mbili

Wenye dizeli wamekuwa wakisubiri. Kwao nusu ya makala hii haihusu: hakuna koili wala plagi za cheche, mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Yaliyosemwa juu ya stata, kebo na eathi ni yao yote, tena kwa uzito zaidi kwa kuwa ampea ni nyingi. Plagi za joto kwa hali ya hewa yetu hazisumbui sana kama zinavyosumbua penye baridi kama Limuru. Ila kuna kitu kimoja kidogo kwenye pampu ya dizeli nyingi, solenoidi ya kufungulia mafuta, ambayo isipopata moto injini huzunguka siku nzima isishike. Fungua ufunguo bila kupiga stata, sikiliza "tik" kwenye pampu. Kama haipo, anzia hapo.

Malori makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizofuatana kupata 24. Kosa ninaloliona kila mara huko Changamwe na Jomvu ni redio au chaja ya simu ya volti 12 kuungwa kwenye betri moja tu. Betri hiyo inakamuliwa peke yake, altaneta inazichaji zote mbili kwa pamoja bila kujua, na matokeo yake moja haijai kamwe na nyingine inachemka kwa kuzidishiwa. Ukizipima moja moja utakuta, tuseme, 11.9 na 13.1. Kununua moja mpya na kuiunga na ile ya zamani hakuponyi. Kipunguza volti cha 24 hadi 12 ndicho kilichohitajika tangu mwanzo.

Betri ukiikuta asubuhi imeisha umeme bila sababu, iguse altaneta kabla jua halijatoka na kabla hujapiga stata. Chuma chote kiwe baridi, yenyewe ikiwa na vuguvugu, dayodi zake, zile za kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, zinavuja usiku kucha.

Basi Dyna yangu ilipona, nikaisahau, mpaka alasiri moja ikazima katikati ya Nyali Bridge, magari yakajipanga nyuma hadi sitaki kukumbuka. Baada ya nusu saa ikawaka yenyewe kama haijafanya kitu. Kesho yake ikazima tena. Ami aliweka kiganja juu ya koili akakitoa mara moja, akafuata waya kwa kidole, na kuniita nije nione: kile kigae cheupe kilikuwepo, kizima kwa sura, lakini mtu alikuwa amekiruka kwa kipande cha waya mwekundu. Koili ya volti 8 ilikuwa ikilishwa volti 14 mchana kutwa. Ikipata joto inakatika, ikipoa inaungana.

"Nani alifanya hivi?" akauliza.

Nilikuwa namkumbuka vizuri. Mwaka uliopita lori lilikuwa linazima kila ufunguo ukiachiwa, fundi mmoja wa njiani akalimaliza kwa dakika kumi, na nikamlipa kwa furaha. Ami aliweka kigae kipya na koili nyingine, akanirudishia ule waya mwekundu kama risiti.

Betri niliyoitoa niliichaji usiku kucha, ikapumzika siku nzima, ikasoma 12.6, sasa iko kwenye pikapu ya shemeji yangu Likoni. Stata ya kwanza bado iko stoo, imefungwa kwa gunia. Dereva ameshaniuliza mara mbili kama naiuza.